Kikojozi wa Uani

Mama mwenye nyumba wetu pale Kariakoo hakuwahi kuniambia kwamba pikipiki yangu inavuja. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba. Kikojozi wako kakojoa tena," akinionyesha doa la oili kwenye sakafu ya ua wake.

Jumamosi moja nikasema basi. Nilinunua sili mpya, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke kwenye injini, kwenye duka la spea pale Msimbazi, nikaketi uani kuifunga mwenyewe. Ya zamani ilitoka vizuri. Mpya ikagoma kuingia, na mimi hasira zangu ziko karibu: nikashika nyundo. Pigo la tatu, sili ikapinda.

Nikarudi dukani kununua nyingine, njia nzima natukana peke yangu. Niliporejea, mama alikuwa ameshaificha nyundo. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Ipake oili, halafu sukuma kwa vidole gumba, polepole. Huyu unamvisha nepi, humpigi."

Ikaingia kimya kimya, hadi nikaona aibu.

Jioni alitandika boksi chini ya injini. Kulipokucha akalivuta, akaligeuza, akalipapasa kwa kiganja. Kavu! Akapiga kigelegele kilichowatoa wapangaji wote vyumbani, wengine na miswaki mdomoni, wakiuliza nani kajifungua.

"Hajajifungua mtu," alisema mama, akiuinua mkono wangu juu. "Mwanetu kaacha kukojoa."