Namba ya Kapu

Masjala ya hospitali ina sheria moja: faili la ndugu yako huligusi. Ndiyo maana Miwani, mama ambaye kazi yake ni kusoma maandishi ya madaktari na kuupa kila ugonjwa namba yake kwenye kompyuta, faili la mdogo wake alilisukuma meza ya pili, kwa Mzee wa Fasta.

Bwana huyu humaliza kazi kabla chai yake haijapoa, na hujisifia hilo. Daktari alikuwa ameandika kwamba viungo vimelegea na kwamba ni Marfan, ugonjwa wa kurithi unaorefusha mwili na vidole na kudhoofisha nyuzi zinazoshikilia viungo na mishipa ya damu. Mzee wa Fasta aliona viungo tu, akaweka namba ya maumivu ya viungo. Hiyo namba ndiyo kapu lao, kila goti linalouma hutupwa humo. Haraka haraka haina baraka, lakini utamwambia nani?

Asubuhi moja simu ya masjala ililia, Miwani akaipokea. Alikuwa mdogo wake, Twiga, mrefu kama marehemu baba yao.

"Dada, niko huku chini, dharura. Kifua kinachanika mpaka mgongoni."

Miwani akamgeukia mwenzake. "Lile faili la mdogo wangu, la Marfan, uliweka namba gani?"

Akasomewa: maumivu ya viungo. Baba yao alikufa kwa kupasuka mshipa mkuu wa damu, ameshika kifua hivyo hivyo. Alishuka ngazi mbio, viatu kaviacha chini ya meza.

Daktari wa zamu alishashika sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda.

"Usimchome, daktari! Nakuomba!"

"Mama, tulia, huu ni moyo. Kompyuta inasema alikuwa anaumwa viungo tu."

"Kompyuta tumeidanganya sisi. Ana Marfan. Baba yetu alipasuka mshipa."

Daktari akaiweka sindano chini. Picha ikaonyesha mshipa mkuu umeanza kuchanika. Ile dawa ingemvujisha damu, ingemmaliza. Twiga akakimbizwa upasuaji.

Huko juu masjalani, Mzee wa Fasta alirekebisha ile namba taratibu, jasho likimtoka, chai yake imepoa. Miwani alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, maana sheria ni sheria. Aliiogopa simu kuliko kitu chochote duniani.

Jioni ikalia. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Mwishowe mzee akanyanyua, akasikiliza.

"Mzima," alisema, sauti ikimkatika. "Ametoka salama. Daktari anauliza, kuna ndugu mwingine wa damu?"

Miwani alilia kwa furaha. Kisha akatazama vidole vyake, virefu kama vya Twiga, kama vya baba, na hofu ikamrudia.

"Fungua faili jipya," alisema.

"La nani?"

Akairudisha mikono mgongoni.

"Langu. Na safari hii usiwe na haraka, kaka yangu."