Dawa ya Kutu ya Mifupa

Haya ingali inanishika, lakini hasira inaishinda, kwa hiyo nitasema yote, na mwenye kucheka acheke. Nilianguka katikati ya soko ya Masisi, kikwembe cha kiunoni kikafunguka, bantu wote wanaangalia, na chanzo ni kiti ya plastiki.

Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi nauza maharagi, mugongo unaniuma (mwaka muzima ulikuwa unaniuma, nikasema ni jembe tu), wakati kijana mumoja wa bluzi nyeupe ya hospitali, eti dokta, alifika na mikro ya kusemea na meza ya chupa. Akasema mifupa ya bamama inashika kutu ndani, na jelule zake, dawa ya kumeza, zinatoa ile kutu. Akauliza nani mugongo unamuuma. Nikainua mukono, si kwamba nilimwamini, hapana, ni juu niliona yeye iko na kiti kwa kivuli.

Nikakaa, akanipa jelule mbili na maji, akaendelea kuhubiri muda murefu, kisha akaniwekea mikro kwa kinywa. "Mama, sasa unasikia namna gani?"

"Nasikia nafuu," nikasema, na ilikuwa kweli, nani hasikii nafuu akikaa?

Bamama wakaanza kununua. Mama Sifa, jirani yangu, tunaimba naye korali, akaniinamia. "Mama Neema, ni kweli?" Ningekataa ningeonekana muongo mbele ya soko yote, basi nikamwambia ni kweli. Akanunua.

Yule kijana akaona nimemufaa, akaleta bido, dumu kubwa imejaa maji, akatangaza kwamba mama ataonyesha nguvu. Nikainama niiinue (nilikuwa nimeanza kupenda makofi, mujinga mimi), mugongo ukalia ndani kama kuni kavu, nikaangukia meza, na meza, chupa, bido na mimi wote tukaenda kwa matope. Sikuweza hata kuvuta kikwembe. Na yeye, badala ya kuniinua, akasema kwa mikro, "Munaona? Hiyo ni kutu inatoka."

Bantu wakapiga makofi. Wengine waliendelea kununua, wananiruka.

Ni Mama Sifa alitafuta wanaume wa kunibeba mpaka hospitali. Wakanipiga radio, ile picha ya mifupa, mufupa mumoja wa mugongo ulikuwa umevunjika na kujikunja, na mifupa yote imekuwa myepesi. Dokta wa kweli, mwanamuke mutulivu, alinisikiliza bila kucheka.

"Mwili ukitumia hewa na chakula unabakiza mabaki makali, yanakula kama kutu," akasema. "Unajua kuyasafisha. Lakini damu ya mwezi ikishakatika, na umri unaenda, kusafisha kunapungua, ile mabaki inachosha chembe zinazojenga mufupa, na zile zinazobomoa zinapata nguvu."

"Basi yule kijana alisema kweli?"

"Alianza na kweli, akauza uongo. Jelule za soko hazijengi mufupa, mama. Iko dawa ya kupimiwa, iko maziwa na samaki ndagala, iko kutembea ukishapona."

Hapo njo nilikasirika kabisa. Muongo mutupu ningemujua mapema.

Ningali nalala na mukaba wa mugongo wakati Mama Sifa alikuja kunisalimia. Akakaa pembeni ya kitanda, akauliza polepole, "Jelule zangu zimeisha. Yule kijana anapatikana wapi?"

"Mama Sifa, si uliniona nikianguka?"

"Nilikuona. Lakini ulisema ni kweli."

Machozi yakanitoka kwa hasira, na sikujua nimukasirikie nani kati ya yule kijana na mimi. Mwishowe nikamwambia vile ilikuwa, tangu mwanzo, akainuka, akaondoka. Mugongo unapona. Mama Sifa hajarudi bado, na mimi, dawa ya muntu nisiyoijua, sitaisemea tena mpaka naingia kaburini.