Fatiha Iliyosomwa Ofisini

Binti mmoja, karani wangu, aliniambia akiwa amesimama, mlango wangu ameuacha wazi. Mzee anayesimamia masjala yetu alikuwa akimshika kiuno kila wanapopishana kati ya rafu za mafaili, na asubuhi hiyo alitia komeo kwa ndani wakiwa wawili tu. Binti alipiga kelele mpaka mzee akafungua.

"Nakwambia wewe, kaka, kwa kuwa wewe ndiye mkuu wangu."

Nilikuwa na miezi mitano tu tangu kutoka chuo kikuu, bado niko kwenye majaribio ya kazi, nimekabidhiwa makarani wanne katika ofisi ya serikali pale Chake Chake. Nilijivunia kutokubali jambo lolote bila kulihoji. Basi nikamhoji yeye. Una hakika? Si njia tu nyembamba? Alipoondoka nikaenda masjala na rula, nikapima. Watu wawili wanapita pale bila kugusana. Hata baada ya kupima sikuandika chochote. Zilipita wiki mbili, naye anaingia mle kila siku, ndipo nikamweleza mkurugenzi, tena kwa mdomo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi, watu wanasusiana maduka na hata mazishi. Swali lake la kwanza likawa, "Vyama vyao mbalimbali?"

"Kimoja."

Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa jibu. "Basi hilo dogo. Tutalimaliza kiutu uzima."

Alhamisi alituita sote watatu. Mezani palikuwa na halua na birika la kahawa. Nilidhani mzee ataulizwa maswali. Hakuulizwa hata moja.

"Nyinyi watu wa nyumba moja," mkurugenzi alisema. "Mzee wangu hapa kasema kama kateleza, asamehewe. Na wewe binti, huyu ni sawa na babako. Haya, al-Fatiha."

Kwetu Pemba ndivyo ugomvi unavyofungwa. Ikishasomwa, atakayelifukua jambo ndiye mkosa. Mikono ikainuka, tukasoma, nikajipangusa uso na kuitikia amina. Hapo ndipo niliposhtuka, maana sauti niliyoisikia ilikuwa yangu. Mikono ya binti ilikuwa mapajani, haijainuka kabisa.

"Mbona huitikii?" mkurugenzi akamuuliza.

"Tunamrehemu nani, bwana mkubwa? Hakufa mtu."

Mzee wa masjala akacheka, halua bado mdomoni. "Ntoto huyu ana domo! Nani atakuoa wewe?"

Binti alimgeukia mkurugenzi. "Kesho nafanya kazi wapi?"

"Masjala, pale pale. Jambo limekwisha."

Tukainuka kutoka. Kahawa kwenye kikombe changu ilikuwa haijapoa. Mambo yote yale, komeo, kelele, wiki mbili za hofu, yalikuwa yamezikwa kabla sijamaliza kunywa, na mimi nilikuwa miongoni mwa wazishi.

Asubuhi yake nilimkuta binti kwenye benchi nje ya chumba changu. Alikuwa ametoka kijijini kwao Pujini mapema, na barua ya mkono wake, ya kwenda makao makuu Unguja. Aliomba aondolewe chumba kile na mzee ahojiwe. Chini ya anwani aliandika: Kupitia kwa Mkuu wa Sehemu. Yaani mimi. Bila maoni na saini yangu, ingerudishwa ilikotoka.

"Mle sirudi. Wakinilazimisha, naacha kazi," alisema. "Kama utaizuia, niambie sasa hivi, nisikae nikingoja."

Nilifikiria majaribio yangu. Nilimfikiria mkurugenzi. Naona haya kusema nilifikiria kwa muda gani. Kisha nikaandika kwamba aliniarifu mwenyewe na kwamba sikuchukua hatua, nikatia saini.

Aliisoma. "Hujasema nilikuarifu lini. Hivi watadhani ni jana."

Nikaongeza siku yenyewe. Nikanyoosha mkono niipeleke kwa tarishi. Akaikunja na kuitia mkobani.

"Naipeleka posta mwenyewe. Nikirudi nikae wapi?"

"Hapa, kwenye kiti changu."

"Na wewe?"

"Masjala."

Haikufika adhuhuri, binti amesharudi kutoka posta. Nilikuwa kati ya rafu, mzee amenuna mezani kwake, niliposikia mlango wa chumba changu unafunguliwa na sauti ya mkurugenzi inauliza huyu kakaa hapa kwa ruhusa ya nani. Nikaweka faili chini nikaenda kumjibu.