Mtani aligoma mke wangu azikwe hadi ajue mwisho wa simulizi yangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya sijayatunga, yamenikuta mwenyewe hapa Milanzi, Sumbawanga.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, watu wakivuna ulezi, nilimpoteza mke wangu, Mama Festo.

Wengine mnanijua kwa ile simulizi niliyokuwa naposti humu. Mwanzoni ilikuwa bastola, helikopta na majasusi. Komenti zilikuwa mbili, moja yangu.

Nikamsomea Mama Festo akipepeta ulezi. Akauliza, "Baba Festo, huyo jasusi wako akishindwa anakosa nini?"

"Dunia italipuka."

"Dunia ya nani? Mtu mwenyewe simjui hata mama yake."

Akanipa kisa chake. Binti kapika pombe ya ulezi ya kuwapokea wakwe. Ikiharibika, wakwe wanaondoka na mchumba wao. Mama wa kambo anataka iharibike, maana huyo mchumba anamtaka kwa ajili ya binti yake wa kumzaa.

Nikaanza kukiposti, bastola hakuna. Ila mlishinda humu mkirefresh, na PM za matusi mkanitumia!

Simulizi ikafika pale wakwe wameketi, chungu cha pombe hakijafunuliwa. Mama Festo akagoma kunitajia mwisho.

"Waache wahangaike kidogo. Na wewe pia."

Akacheka peke yake. Wiki hiyo akaugua, akapelekwa hospitali na hakurudi.

Siku ya mazishi, jeneza likiwa limeshashushwa, jirani yangu Masanja akakalia rundo la udongo, kakumbatia makoleo yote. Masanja ni Msukuma, sisi Wafipa. Ni watani, na mtani akianza vituko msibani hafukuzwi.

"Hazikwi mtu hapa! Wafipa mna uchoyo wa pombe. Ile ya binti iliharibika au haikuharibika?"

Katekista akamsihi. Wapi! Wazee wakamwahidi kuku.

"Kuku ninao. Nataka chungu kifunuliwe."

Macho yote kwangu. Neno moja tu la uongo lingetosha, tukazika. Likanishinda kutoka.

"Mtani, sijui. Anayejua ndiye huyo unayemzuia."

Masanja akainama kaburini.

"Shemeji! Yaani mwisho umeondoka nao? Umetuacha na arosto namna hii?"

Shangazi yangu mmoja akapasuka kicheko, kisha umati mzima. Katekista alijiziba mdomo kwa kitabu cha sala. Mimi nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukata. Tangu Ijumaa nilikuwa sijalia.

Sasa lile swali la Mama Festo kuhusu jasusi nalielewa. Msomaji akishamjua mtu, na akajua atakosa nini, chungu kimoja kinatosha kumnyima usingizi.

Nyie mnaoandika, nishaurini: nikifunue mwenyewe, au nikiache alivyokiacha? Nitasoma zote, hata za matusi.

Masanja alinipa koleo moja. Jingine akabaki nalo, tukafukia wote.