Mfungwa wa Mama

Jirani yetu pale Kaloleni alimchoma mtoto wa dada yake mikono kwa maji moto, eti mtoto amedokoa nyama. Siku ya hukumu mama yangu alifunga kibanda chake cha kuuzia dagaa wa omena akaenda kortini, na hakimu alipotaja kifungo kirefu akapiga vigelegele mpaka polisi wakamtoa nje.

Furaha hiyo ilidumu hadi kesho yake asubuhi, askari wa kanjo alipopita kukusanya ushuru wa soko. "Chukua," Mama akamwambia, "kamnunulie yule mtu maharagwe huko jela."

Tangu hapo akawa na mfungwa wake. Mvua ikinyesha, alilalamika kwamba sisi tunavujiwa na yule amelala pakavu. Bei ya unga ikipanda, alituuliza kama tunajua ni nani anayekula ugali wetu. Baba, mtu wa kupenda mambo yanyooke, alimweleza kwamba ushuru wa soko hauendi magereza. Mama akajibu kwamba hakuuliza unapita wapi, anajua unakofika.

Kisha mwaka mmoja redio ikatangaza kwamba magereza yamejaa, kulisha wafungwa kumekuwa mzigo, na wengine wataachiliwa mapema.

"Haya, Mama," Baba akacheka, "sasa utapumzika."

Mama hakucheka. Asubuhi alimwita yule askari kutoka upande wa pili wa soko, akamlipa kabla hajaombwa.

"Waambie wakubwa wako," alisema, "mimi nililalamika tu. Sijasema nimechoka kumlisha."