Ushuhuda Alioutoa Mama

Mpaka leo nikisikia cherehani ya miguu huwa nasimama. Nangojea ile sauti ya pili.

Mama alishonea vitenge barazani kwetu mtaani Bukoto, tulikohamia. Yaya Riziki, dada yangu mkubwa, alikaa sakafuni karibu na kanyagio, akipepesa vidole na kuvuma midomo imefungwa, mmmm, sawasawa na mashine. Uzi ukikatika, naye ananyamaza, anangoja. Wateja walitania kwamba Mama Riziki ana mashine mbili, moja inakula ugali. Neno usonji hatukuwa nalo.

Kanisani kwetu sisi Wakongomani walisema amefungwa na pepo. Wakamwombea majuma mengi, wamemzunguka, ngoma na spika, naye kaziba masikio, meno yanagongana. Nisimsingizie Mchungaji: hakumpiga, tena alifunga kula kwa ajili yake. Kisha Yaya akatulia. Vidole vikalala mapajani, kuvuma kukaisha. Mama akaitwa mbele akatoa ushuhuda kwamba mtoto amefunguliwa. Tukapiga vigelegele, nami nimo. Sijui kama nakumbuka vizuri, ila nadhani hatukuwahi kufurahi hivyo.

Nyumbani Yaya aligeukia ukuta. Ugali ulipoa kando yake. Mama alishona, akasimamisha mashine, akasikiliza. Akashona tena, akasimamisha. Asubuhi moja Yaya akasema polepole, kama anayeomba maji, "Mama, nimechoka kuwa hapa. Mniache niishe."

Kitenge kilichokuwa mashinani asubuhi ile hakikumaliziwa.

Jumapili Mama alikwenda mbele bila kuitwa. "Wapendwa, ule ushuhuda naurudisha. Mtoto wangu hakupona. Amekata tamaa."

Mzee mmoja akamwambia, "Ushuhuda haurudishwi, Mama Riziki."

"Wangu umerudi, baba," akasema, akakaa.

Mchungaji mwenyewe ndiye aliyetusindikiza kliniki. Nesi akaeleza kwamba Yaya ana usonji, na kuponywa kwake si jambo la kutafuta. Kinachommaliza ni hofu na sonona, na hivyo vinatibiwa. Mama akauliza kama tumechelewa. Nesi akatuandikia tarehe ya kurudi.

Yaya yupo, anaishi na Mama. Kuna siku anavuma. Nyingi havumi, na Mama huacha kushona akaenda kuketi naye ukutani.

Utotoni nilidhani mtu akinyamaza amepata amani. Kumbe siku ile ya vigelegele, Yaya alikuwa anatuaga.