Alama Sabini na Nne

Jumatano asubuhi Mwalimu Kunigunda aliitazama karatasi ile mara ya nne. Alama sabini na nne. Kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe, maswali ni kumi, kila moja alama kumi, na kazi inayopata wastani wa sitini au zaidi kampuni inaiombea zabuni. Ikipungua, wanaiacha, na hakuna mjadala. Kazi hii ilikuwa ya kujenga zahanati kusini mwa mpaka, ufukweni mwa Ziwa Nyasa upande wa Msumbiji, na bahasha za zabuni zilitakiwa kufika Ijumaa.

Alistaafu kufundisha hesabu mwaka ule ule alipomzika mumewe Raimundi, mjenzi ambaye hapa Mbinga hakuwahi kuacha ukuta bila paa. Tangu hapo kampuni aliiendesha yeye, na bado iliitwa kwa jina la marehemu. Zahanati ikikwama ugenini, kitakachosimama pale bila paa ni jina hilo.

"Emiliana," alimwita binti yake, ambaye ndiye mkadiriaji wa kampuni. "Swali la sita: tunalifahamu eneo la ujenzi? Uliandika saba. Umewahi kufika?"

"Sijafika, mama."

"Na kaka yako?"

"Aidan naye aliandika saba, naye hajafika." Emiliana akashusha sauti. "Baba Mkubwa alisema ni kama Mbamba Bay tu, huku kwetu."

Saba ya tatu ilikuwa ya mkono wa Kunigunda mwenyewe.

Kosa lilifanyika Jumapili, tena alilifanya yeye. Karatasi za alama alizipeleka kwenye sengu, mlo wa pamoja ambapo ukoo wa Kimatengo hula na kumaliza mambo yake. Mkubwa ndiye hunawa wa kwanza na kusema wa kwanza. Bernadi, kaka mkubwa wa marehemu, alinawa, akasema, "Maji ni yale yale, mchanga ule ule. Tuombe." Ndipo kalamu zikazungushwa. Nani angempinga mkubwa mbele ya sahani yake?

Mchana wa Jumatano hiyo akawakusanya tena wote wanne kwa Bernadi.

"Shikamoo, shemeji. Leo tunaandika upya."

"Marahaba. Tena karatasi?" Bernadi akacheka. "Mwalimu, sisi si darasa la nne! Nimeshawaambia wauza mbao wa Kitai watuandalie mzigo."

Kunigunda akazigawa karatasi. Kumbe habari ilikwisha kufika barabarani. "Ugali hautoki mpaka kila mtu aandike peke yake. Na asiseme mtu."

"Basi tutakufa njaa kwa ajili ya hesabu."

Aidan akaenda nyuma ya ghala. Emiliana akageukia ukuta. Bernadi aliandikia gotini, akikohoa kila swali. Kunigunda akaandika yake, akazikusanya zote, akajumlisha na kugawa kwa nne.

Arobaini na saba.

"Swali la sita," alisoma, "sifuri, sifuri, sifuri, mbili."

"Mbili ni yangu," Bernadi akasema. "Niliwahi kupaona nikiwa kwenye boti. Kwa mbali."

Aidan akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilikwisha kumtoka.

"Mnacheka!" Bernadi akafoka. "Tutachekwa sisi, Kitai nzima!"

"Watatucheka wiki moja," Kunigunda akasema. "Shemeji, ukitaka, zabuni ipeleke. Ila lifute jina la mdogo wako, uandike lako."

Bernadi akaichukua karatasi yake, akaukodolea macho mwandiko wake mwenyewe. Kunigunda akaanza kujuta ukali wake. Mwishowe mzee akanyoosha mikono yote miwili.

"Emiliana, leta maji ninawe. Ugali unapoa."

Wakaanza kula. Kunigunda alimega tonge moja, akalirudisha sahanini. Zabuni ikiachwa, mafundi kumi na wawili wangekaa bila kazi mpaka mvua ziishe, na kati ya maswali yake yote kumi, hakuna hata moja lililouliza habari yao. Akapangusa vidole, akaivuta karatasi, akaandika chini kabisa: swali la kumi na moja.